Mwanahisa na haki ya kujua kampuni yake inaiambia nini Serikali

Mkazi wa Lipangalala, mojawapo ya kata za Mji wa Ifakara, huenda hajawahi kununua hisa hata moja. Hata hivyo, yeye na Watanzania wenzake wanamiliki robo ya Kampuni ya Sukari Kilombero, ambayo viwanda vyake viko Kidatu, kilomita takribani 67 kutoka Ifakara. Kampuni hiyo ilipobinafsishwa mwaka 1998, Serikali ilibakiza asilimia 25 ya hisa, ambazo husimamiwa na Ofisi ya Msajili wa Hazina kwa niaba ya wananchi. Asilimia 75 zilizosalia ni za Illovo, inayomilikiwa kikamilifu tangu mwaka 2016 na Associated British Foods ya Uingereza.

Kwa sababu ya robo hiyo, jambo linalojadiliwa sana katika masoko ya mitaji ya nje linaligusa pia Bonde la Kilombero: wanahisa kutaka kuelezwa kampuni yao inawashawishi vipi watunga sera, kwa hoja zipi na kwa gharama gani.

Ushawishi wa sera si rushwa, na mambo haya mawili yasichanganywe. Kampuni inapoiandikia wizara barua, inapopeleka maoni mbele ya Kamati ya Bunge, au inapozungumza kupitia chama cha wazalishaji, inatumia njia halali. Wizara ya Fedha yenyewe hualika mapendekezo ya kodi kila mwaka kabla ya bajeti. Swali la mwanahisa ni jingine. Fedha inayolipia kazi hiyo ni yake, na msimamo unaotolewa hutolewa kwa jina la kampuni yake, je, ameuona?

Sekta ya sukari ilionesha uzito wa swali hilo mwaka 2024. Baada ya mvua kubwa kuvuruga uzalishaji na bei kupanda, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilirekebisha Sheria ya Sukari, Sura ya 251, na kuipa nafasi Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) kuagiza na kuhifadhi sukari. Wazalishaji wa ndani waliupinga hadharani uamuzi huo, wakidai kwamba utadhoofisha uwekezaji wao. Hoja yao ilikuwa na msingi wa kibiashara: huko Kilombero wanahisa walikuwa wamekubaliana mwaka 2021 kujenga kiwanda kipya cha kuongeza uwezo kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka, na mwekezaji wa namna hiyo hutazama kwa makini kila kibali cha kuingiza sukari. Serikali nayo ilikuwa na wajibu wa kumlinda mlaji.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Serikali ilikuwa upande wa pili wa meza kama mtunga sera, na wakati huohuo ilikuwa mwanahisa wa Kilombero, na pia wa TPC ya Moshi, ambako nako ina asilimia 25. Mwananchi wa Ifakara alikuwa mmiliki na mnunuzi wa kilo ya sukari dukani kwa wakati mmoja. Mtu mwenye nafasi mbili za namna hiyo anahitaji kuziona hoja zote zikiwa zimeandikwa, badala ya kuzisikia vipande vipande kwenye mikutano na waandishi wa habari.

Nje ya nchi, wanahisa wamelisukuma jambo hili mbali. Nchini Uingereza, kampuni haziruhusiwi kutoa michango ya kisiasa bila idhini ya wanahisa, na wanahisa wenye asilimia 5 ya kura wanaweza kupeleka azimio katika mkutano mkuu. Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa kampuni ya madini ya BHP. Mwaka 2017 baadhi ya wanahisa wake walihoji kwa nini inalipa ada kwa vyama vya sekta ambavyo misimamo yake kuhusu tabianchi ilipingana na ya kampuni yenyewe. BHP ilifanya tathmini, ikaichapisha, kisha ikajitoa katika chama cha dunia cha makaa ya mawe. Mara nyingi sauti ya kampuni haisikiki kutoka kwa kampuni. Husikika kupitia chama chake.

Hapa nchini, taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam huwa na aya fupi kuhusu michango ya kisiasa na ya hisani. Barua kwa wizara na ada za vyama vya sekta ni mambo tofauti, na aya hiyo haiyafikii. Gawio, kinyume chake, hutangazwa kwa sherehe: Juni 2025 taasisi na kampuni ziliwasilisha serikalini gawio na michango iliyozidi Sh trilioni 1.

Mwanahisa hata hivyo hana mikono mitupu. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inawapa wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kura uwezo wa kudai mkutano mkuu wa dharura. Robo ya Serikali inavuka kiwango hicho kwa mbali. Mwenye hisa chache anaweza kuuliza katika mkutano mkuu wa mwaka na kuomba jibu liingizwe katika kumbukumbu.

Asiye na hisa anaweza kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inazihusu taasisi za umma, pamoja na taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma au zenye taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma. Raia huomba kwa maandishi, na jibu hutakiwa ndani ya siku 30. Taarifa inayoweza kuharibu maslahi halali ya kibiashara inaweza kuzuiwa, na mwombaji anayekataliwa hupaswa kuelezwa sababu.