Federico Caprilli na Mkao wa Kuruka Viunzi

Tukisoma historia ya majeshi ya Ulaya, tunazoea kuona ujasiri ukichukuliwa kama tabia ya mtu: anao au hana. Katika insha hii nadai kwamba kwa mpanda farasi ujasiri uliweza kufundishwa. Ushahidi wangu ni Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyezaliwa Livorno mwaka 1868.

Kabla yake, askari wa farasi alifundishwa kuruka kiunzi akiwa ameegemea nyuma, miguu kaitanguliza, hatamu kazivuta. Walimu walisema kwamba hivyo miguu ya mbele ya farasi hupunguziwa mzigo wakati wa kutua. Mimi naona mkao huo ulimfaa zaidi mwenye hofu, maana mtu akiogopa mwili hurudi nyuma wenyewe. Lakini farasi huhitaji kunyoosha shingo ili aruke. Akifanya hivyo, lijamu linamuumiza mdomo, na uzito wa mtu unamwangukia mgongoni. Akiumia mara mbili tatu, mara ya nne anagoma mbele ya kiunzi. Mpandaji akishagomewa huzidi kuogopa, na akiogopa huzidi kuvuta.

Caprilli, aliyefundisha katika chuo cha Pinerolo, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona wanajua kazi yao. Basi akambadilisha mtu: vikuku vifupi, makalio yainuke kwenye tandiko, kiwiliwili kiende mbele, mikono ifuate mdomo wa farasi. Farasi asiyeumizwa hana sababu kubwa ya kugoma, na mpandaji asiyegomewa huanza kumwamini mnyama wake, kisha kujiamini mwenyewe.

Mwaka 1901 alieleza kanuni zake katika jarida la askari wa farasi. Nadhani hata hivyo kilichowanyamazisha wengi ni namba: mwaka 1902, mjini Torino, aliruka mita 2.08 juu ya farasi aitwaye Melopo. Alifariki mwaka 1907, akiwa na miaka 39, baada ya kuanguka kutoka kwa farasi.

Wakati huo maofisa wa nchi nyingine walikuwa wameanza kwenda Italia kujifunza. Mmarekani Harry Chamberlin alisoma Tor di Quinto, karibu na Roma, akaupeleka mkao huo kwenye jeshi la kwao. Na katika Olimpiki ya Los Angeles ya 1932 alipata medali ya fedha katika kuruka viunzi.