Dhahabu ya Kwanza Ilitoka Nyamira, Lakini Wageni Wako Iten

Wiki jana mdogo wangu aliniomba nauli ya kwenda Iten. Anakimbia, na anasema huko ndiko mtu anaonekana. Nikamuuliza, unatoka Nyamira kwenda kutafuta milima?

Tulieni niwape historia kidogo. Oktoba 13, 1968, Mexico City, mita 10,000. Mji uko kama mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi balaa. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka, ikabidi apewe oksijeni. Mshindi? Naftali Temu, kijana wa Nyamira. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amempita raundi ya mwisho, Temu akamrudia karibu na utepe. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki.

Kuna waliosema alibebwa na mwinuko. Sawa, ulisaidia. Lakini 1966 alikuwa ameshamshinda Clarke huyo huyo kwenye maili 6, michezo ya Jumuiya ya Madola, Kingston, Jamaika. Kingston iko kando ya bahari! Na kabla yake, Nyantika Maiyoro wa Kisii alikuwa wa saba Melbourne 1956 na wa sita Roma 1960, zote mita 5,000.

Sasa mbona wageni wanaenda Iten? Tuwe wakweli: Iten iko kama mita 2,400, na sisi sehemu za juu za Nyamira zinapita 2,000 tu. Tena vilima vyetu vinakupandisha na kukushusha kila dakika.

Lakini mwinuko haujengi vitanda. Brother Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's, Iten, 1976 akabaki kulea wakimbiaji. Lornah Kiplagat, bingwa mwenyewe, akajenga kambi ya mazoezi. Mgeni akija analala, anakula, anapanda boda. Pesa inabaki mtaani.

Sisi tuna jabali la Manga, unasimama juu unaona mji wa Kisii wote. Nimeenda mara nyingi. Nakuta watu wanapiga picha, sijawahi kukuta mkimbiaji mgeni.

Si lazima tungoje uwanja mkubwa. Tupime njia moja Manga, tuiwekee alama, tuipe jina la Temu, na majirani watenge vyumba vya wageni.

Nauli nilimpa dogo. Ningemwambia abaki, angebakia nini?