Chuo Kikuu cha Lubumbashi na uchumi wa Katanga: kutoka shule ya mgodi hadi shahidi wa mgodi

Manufaa ya chuo kikuu cha serikali kwa uchumi wa mkoa wake huelezwa mara nyingi kwa kuhesabu: wahitimu wangapi, wahandisi wangapi, mishahara kiasi gani inayoishia sokoni na kwa wenye nyumba za kupangisha. Katika Katanga hesabu ya namna hiyo ina ukweli wake, lakini haifiki mbali, kwani uchumi wa mkoa huu haukuwa uwanja ulio wazi uliosubiri kuingiliwa na wasomi. Ulikwisha kushikwa na kampuni moja nusu karne kabla ya darasa la kwanza la chuo kufunguliwa. Kwa hiyo swali la kihistoria si chuo kikuu kimeongeza nini tu, bali pia kimeongeza kwa ajili ya nani.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la Lubumbashi lilianza kutoa shaba. Mwanzoni kampuni ilitegemea vibarua wa muda mfupi walioandikwa mbali na kurudishwa kwao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwenendo: ilitaka mfanyakazi akae, aoe, azae watoto kambini, na watoto hao wawe wafanyakazi wa kesho. Ndipo ulipojengeka ule ulimwengu wa makambi ambao wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaukumbuka vizuri: nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni. Shule hizo zilikuwa nzuri kwa kadiri yake, lakini zilikuwa na dari. Mtoto wa kambi aliweza kuwa fundi, karani au mwuguzi. Mhandisi, mganga na mkuu wa idara walitoka Ulaya. Utaratibu huo haukuwa usahaulifu. Ulikuwa siasa ya elimu ya koloni zima.

Chuo kikuu kilipokuja hakikuja kwa kuombwa na mgodi peke yake. Lovanium, chuo cha Wakatoliki, kilikuwa kimefunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Katika mwaka huo huo Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Kiliberali, alishika wizara ya makoloni huko Ubelgiji, naye alitaka koloni liwe na shule za serikali zisizo chini ya misheni. Amri ya kuanzisha Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ilitolewa mwaka 1955, na masomo yalianza Élisabethville mwaka 1956. Ugomvi wa Wabelgiji kwa Wabelgiji ndio uliokizaa, na kuwekwa kwake Katanga, penye Wazungu wengi na penye fedha, kulieleza wazi kilikusudiwa nani. Wanafunzi wa rangi zote walipokelewa, ila katika miaka ile ya kwanza Wazungu walikuwa wengi kuliko Waafrika. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa chini ya 30 katika nchi nzima.

Siku 11 baadaye Katanga ilijitenga. Kampuni ilipeleka kodi zake kwa serikali ya Moïse Tshombe badala ya Léopoldville, na chuo nacho kikageuzwa kuwa chuo cha serikali ya Katanga mpaka kujitenga kulipokomeshwa mwezi Januari 1963. Baadaye kikaitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo. Mabadiliko haya ya majina yanaweza kuonekana kama mambo ya ofisini tu, lakini yanaonyesha kwamba chuo kilifuata mgodi: aliyeushika mgodi alikishika na chuo.

Kazi yake kubwa ya kwanza ya kiuchumi ilianza hasa baada ya tarehe 1 Januari 1967, serikali ilipoitaifisha Union Minière na kuunda kampuni ya taifa, ambayo hatimaye ilijulikana kwa jina la Gécamines. Ghafla nchi ilikuwa na mgodi usio na wenyeji wa kuuongoza. Nafasi za wahandisi, wanajiolojia, wahasibu na waganga zilihitaji watu, na mtoto wa kambi ambaye baba yake alikufa akiwa fundi aliweza sasa, akipita darasani, kurudi katika kiwanda kile kile akiwa mkuu wa sehemu. Kwa familia nyingi za Katanga na za Kasai zilizoishi hapa, hilo ndilo lililokuwa neno uchumi. Dari ya shule za kampuni ilikuwa imetobolewa. Ni haki kukiri hivyo, hata kama tundu lenyewe lilikuwa dogo na waliopita walikuwa wachache.

Mwaka 1971, baada ya maandamano ya wanafunzi ya mwezi Juni, serikali iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na vitivo vikagawanywa upya kati ya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Lubumbashi ilipata fasihi, isimu, historia na sayansi za jamii. Mhasibu angeweza kuuliza wanaisimu na wanahistoria wanatafuta nini katika mji wa matanuri. Jibu lilikuja polepole. Katika mwaka huo kilianzishwa kituo cha isimu kiitwacho CELTA, V. Y. Mudimbe alihamia hapa kutoka Kinshasa. Bogumil Jewsiewicki na Johannes Fabian walifundisha hapa katika miaka ya 1970. Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokuzwa na mahitaji ya kazi: kampuni iliyokusanya watu wa makabila na nchi mbalimbali ilihitaji lugha ya kuamuru. Lakini lugha ya kuamrisha haikubaki kuwa ya amri tu. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kilikwisha kutoa historia ya mji wa Élisabethville, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili, pasipo kusubiri ruhusa ya profesa yeyote. Fabian aliichapisha upya pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa. Tangu 1971 mpaka 1997 mkoa wenyewe uliitwa Shaba, yaani ulibeba kwa Kiswahili jina la zao lake. Mgodini waliamuriana kwa Kiswahili, walilalamika kwa Kiswahili, walizikana kwa Kiswahili. Darasani kila kitu kilikuwa Kifaransa. Mhandisi kijana alijifunza elimu ya shaba katika lugha moja na kuitumikia shaba katika lugha nyingine, na hakuna aliyelipwa kuunganisha hizo mbili.

Vyuo vilitenganishwa tena mwaka 1981, na jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni la tangu wakati huo. Kilikuwa na miaka michache tu ya utulivu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa tani 30,000 hivi. Chuo kilipigwa kabla ya mgodi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa katika mabweni yao. Serikali ilikubali mtu mmoja tu kuwa amekufa. Wengine walitaja makumi, na wengine zaidi. Ubelgiji ulidai uchunguzi wa kimataifa, uhusiano ukavunjika, na ushirikiano uliolipia walimu na vifaa vya maabara ukasimama. Mwaka 1991 maduka ya mji yaliporwa. Katika 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu, hasa Likasi na Kolwezi, na pamoja nao wakaenda walimu, mafundi na wafanyakazi wa reli ambao shule na vyuo vya mkoa vilikuwa vimewalea kwa miaka 30. Ni mara chache mkoa kuharibu kwa mikono yake elimu iliyokwisha kulipiwa.

Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mshahara wa mhadhiri uligeuka kuwa karatasi. Wengi walilima mahindi, walifuga kuku, walifanya biashara ndogo. Chuo kiliendelea kuishi kwa michango ya wazazi na karo za wanafunzi, na hapo uhusiano wa chuo na uchumi wa mkoa ulipinduka kabisa. Zamani mgodi ulilipa kodi, serikali ikalipa chuo. Sasa mama aliyeuza unga, makala au samaki wakavu sokoni ndiye aliyelipa sehemu ya kipato cha profesa. Wanaoandika juu ya mchango wa chuo kwa mkoa husahau mchango huu uliokwenda upande wa pili.

Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, wakipewa malipo ya mwisho. Kabla ya hapo, mwaka 2001, mwanahistoria wa chuo hiki, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ametoa kitabu juu ya familia ya mfanyakazi wa Katanga, ambacho jina lake linawaita bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Katika miaka hiyo hiyo kituo cha uchunguzi wa mabadiliko ya mji kilianza kazi chuoni, na utafiti wake juu ya kaya za Lubumbashi, uliochapishwa mwaka 2003, ulieleza jinsi nyumba zilivyoishi baada ya mshahara kufa: biashara ndogo kadhaa chini ya paa moja, mke na watoto wakileta kile ambacho mume hakukipata tena. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, uliwaita wakazi wenyewe waje na vitu vyao na masimulizi yao. Hakuna tani hata moja ya shaba iliyozidi kwa kazi hizi. Lakini bila ya hizo, anguko la Gécamines lingebaki katika vitabu vya hesabu tu.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilileta makampuni mapya kutoka pande nyingi za dunia, na Kongo ikawa nchi inayotoa takribani asilimia 70 ya kobalti ya ulimwengu. Chuo kikuu kilirudi katika kazi yake ya kale ya kuandaa watu kwa ajili ya migodi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 iligawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za mitaa na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Chuo kikuu hakina fungu lake katika mgawo huo. Kinachopata hupata kwa mlango wa wizara, au kwa hisani.

Na hata hivyo, kazi ambayo huenda ikahesabiwa siku moja kuwa mchango wake mkubwa kuliko yote imefanywa katika kipindi hiki. Watafiti wa afya ya jamii wa Lubumbashi, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu na kushirikiana na chuo kikuu cha Leuven, walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kobalti kwa viwango vya juu sana, hasa kwa walio ndani ya kilometa 3. Mwaka 2018 walichapisha mengine juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Watoto walikuwa na kiasi kikubwa kuliko watu wazima. Wenzao wa kilimo walikwenda Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi uliokuwa katika njia ya moshi wa tanuri kwa miongo mingi, ambako udongo ulibaki mtupu. Walijaribu kuotesha nyasi iitwayo Microchloa altera, mmea wa asili wa vilima vya shaba, ili kuushika udongo huo usipeperuke na kuingia majumbani.

Shule iliyojengwa kwenye kivuli cha tanuri imeanza, baada ya miaka 50, kuandika gharama ya tanuri lenyewe. Gharama hiyo haikuwekwa popote katika hesabu za Union Minière wala za Gécamines. Kampuni iliyolipa posho na matibabu ilijihesabu kuwa imemaliza deni lake.

Taarifa hizo za Kasulo na Penga Penga zimechapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa, katika majarida ambayo mengi husomwa nje ya nchi. Wachunguzi walipoingia nyumbani mwa watu, wakiuliza umri, kazi ya baba, maji ya kunywa na bustani ya mboga, waliuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Majibu yakatafsiriwa, yakawekwa katika majedwali, yakasafiri. CELTA ilianzishwa ili lugha za nchi ziweze kubeba elimu, na wataalamu wa Kiswahili hawakukosekana Lubumbashi tangu 1971. Maneno ya kumweleza mama wa Penga Penga kile kilichomo katika udongo anaoufagia kila asubuhi yapo tayari: sumu, vumbi, damu, figo, mimba. Kati ya maabara na mtaa huo, safari ni ya muda mfupi kwa basi dogo.