Nani anamfundisha mwalimu wa hesabu? Safari kutoka Entebbe hadi Karen

Kabla hatujaenda mbali, chukua kalamu. Moja na robo tatu ukigawanya kwa nusu, unapata ngapi?

Kama bado unakumbuka shule, utageuza ile sehemu ya pili juu chini, utazidisha, na utapata tatu na nusu. Safi kabisa. Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenyewe: tunga kisa kifupi cha maisha ya kila siku ambacho jibu lake linapatikana kwa hesabu hiyo hiyo. Wengi wetu tutasema, "Mama ana kilo moja na robo tatu za sukari, anawagawia watoto wawili sawasawa." Hapana. Huko ni kugawanya kwa mbili, siyo kwa nusu. Kisa sahihi ni hiki: muuza duka ana kilo moja na robo tatu za sukari, anafunga pakiti za nusu kilo. Atapata pakiti ngapi? Tatu, na nusu ya pakiti.

Swali hili ni maarufu kwa watu wanaosoma ualimu wa hisabati. Mtafiti Liping Ma aliwauliza walimu 23 wa shule za msingi Marekani na walimu 72 wa China, na matokeo yake akayachapisha katika kitabu cha mwaka 1999. Wachina wote 72 walikokotoa sawasawa, na wengi wao sana wakatunga kisa sahihi. Kwa Wamarekani, chini ya nusu walifika kwenye jibu, na kisa kikawashinda karibu wote. Cha kushangaza ni kwamba Wamarekani ndio waliokuwa wamesoma miaka mingi zaidi: wao walikuwa na digrii, ilhali wengi wa wenzao wa China waliishia chuo cha ualimu baada ya miaka michache ya sekondari. Ujuzi wao wa ziada waliupata wapi? Kazini. Walikaa na wenzao shuleni, wakachambua vitabu vya kiada na kubishana somo la kesho litafundishwaje.

Basi leo tuangalie historia ya jambo hilo huku kwetu. Kwa zaidi ya miaka 60 Afrika Mashariki imejaribu njia nyingi za kumwendeleza mwalimu wa hesabu wa shule ya umma, na kila jaribio limeacha funzo lake.

Vitabu vilikuja kabla ya walimu

Mwaka 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, na Marekani ikashtuka. Moja ya majibu yake ilikuwa kubadilisha hesabu za shuleni. Badala ya kukariri jedwali na kanuni, watoto waanze na seti, miundo ya namba, na mifumo ya kuhesabu isiyo ya kumi. Ikaitwa hisabati ya kisasa.

Wimbi hilo halikuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye warsha ndefu ya kuandika vitabu. Mradi uliendeshwa na shirika la elimu lenye makao Massachusetts, ukiongozwa na W. T. Martin, profesa wa MIT, kwa fedha za serikali ya Marekani na wakfu wa Ford. Warsha ziliendelea kwa miaka kadhaa. Zikatoka makumi ya vitabu vya wanafunzi pamoja na miongozo ya walimu, na watu wakaviita tu "hisabati ya Entebbe".

Tusiwadharau waliofanya kazi ile. Nchi zilikuwa zinapata uhuru mmoja baada ya mwingine. Tanganyika ilikuwa na miezi tu tangu Desemba 1961, Uganda ilipata wake Oktoba 1962, na Kenya Desemba 1963. Kuwa na vitabu vipya, vilivyoandikwa Afrika na Waafrika wakiwa mezani, lilikuwa jambo la heshima. Na hisabati yenyewe haikuwa mbaya.

Tatizo lilikuwa darasani. Kitabu cha kurasa mia mbili kinaweza kuchapishwa na kusambazwa ndani ya mwaka mmoja, lakini mwalimu aliyefundishwa kwa kukariri hawezi kugeuka ndani ya semina ya wiki mbili. Wengi walijikuta wanafundisha muungano wa seti na makutano ya seti bila wao wenyewe kuelewa vinamsaidia nini mtoto anayetaka kujua chenji yake. Wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: wakawakaririsha watoto maneno mapya kama walivyokaririshwa wao maneno ya zamani. Wazazi nao walishika vichwa, kwa sababu daftari la mtoto lilijaa mabano na alama wasizozijua.

Nchini Kenya mwisho wake ulikuwa wa ghafla. Mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba hisabati ya kisasa iondolewe shuleni. Mwalimu aliyekuwa ameanza kuizoea akaambiwa arudi alikotoka. Ilipoingizwa hakuulizwa, na ilipoondolewa hakuulizwa pia.

Walimu wengi, haraka haraka

Upande wa Tanzania swali lilikuwa jingine: walimu wako wapi? Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani ifikapo 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa wafundishe, na huku ikiwasomesha ualimu kwa masafa: kozi za posta, vipindi vya redio, na wasimamizi waliowafuata vituoni. Kati ya 1976 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Watu husema hapo ndipo elimu iliposhuka, na kweli ubora uliyumba. Ila tazama upande wa pili. Mpango ule ulimfuata mwalimu mahali alipo, kijijini, akiwa anafundisha. Asubuhi anafundisha sehemu na desimali, jioni anasoma namna ya kuzifundisha, kesho anajaribu. Wazo hilo liliwekwa kando muda mrefu, likarudi baadaye kwa majina mengine.

SMASSE na hesabu ya ngazi

Tufike 1998. Matokeo ya hisabati na sayansi katika mtihani wa kidato cha nne Kenya yalikuwa mabaya mwaka baada ya mwaka. Wizara ya Elimu ikishirikiana na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianzisha mradi ulioitwa SMASSE, kwa majaribio katika wilaya tisa, zikiwemo Kajiado, Makueni na Kisii. Mwaka 2003 ukawa wa nchi nzima, na baadaye ukagusa shule za msingi. Kituo chake kikuu, CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi. Kuanzia 2001 nchi nyingine za Afrika zilijiunga kwenye mtandao wake, na walimu wakawa wanakuja Kenya kujifunza.

Wazo la SMASSE lilifupishwa kwa herufi mbili-nne ambazo mwalimu yeyote wa Kenya wa kipindi hicho anazikumbuka: ASEI na PDSI. Ya kwanza inasema somo liwe na shughuli, limweke mwanafunzi katikati, liwe na majaribio, na vifaa vibuniwe kwa vilivyopo. Ya pili inasema panga, fanya, tazama, boresha. Kwa mfano, badala ya kuandika ubaoni kwamba pai ni 3.14, leta kifuniko cha ndoo, sufuria na sahani. Watoto wapime mzunguko kwa kamba, wapime kipenyo, wagawanye. Kila kundi litapata namba iliyo karibu na 3.1, na hapo ndipo mjadala unaanza: mbona vyombo tofauti lakini jibu ni lile lile?

Mafunzo yalishuka kwa ngazi. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Gharama za wilayani zilitoka sehemu kubwa kwenye michango ya shule, kiasi kidogo kwa kila mwanafunzi. Kwa namna hiyo maelfu ya walimu walifikiwa, jambo ambalo semina za mjini zisingeweza kamwe.

Lakini ngazi ina hesabu yake, na sisi ni blogu ya sayansi, acha tuipige. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila anayefundishwa anafikisha kwa anayefuata asilimia 80 ya alichopokea. Siyo mbaya, eti? Kutoka kwa mkufunzi wa taifa hadi wa wilaya, hadi mwalimu, hadi darasani, ni hatua tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.512. Nusu imebaki njiani. Ikiwa kila hatua inafikisha asilimia 70, mwanafunzi anapata 0.343, kama theluthi moja. Hakuna aliyezembea hapo. Hivyo ndivyo kuzidisha namba zilizo chini ya moja kunavyofanya kazi.

Kulikuwa na manung'uniko pia. Walimu waliuliza kuhusu posho, kuhusu likizo zao, na kuhusu cheti ambacho hakikuwapandisha daraja. Ni rahisi kusema "walimu wanapenda posho". Lakini mtu anayeacha shamba na watoto wake likizo nzima ana haki ya kuuliza inamsaidia nini. Wastani wa hisabati kwenye KCSE nao haukupaa kama ilivyotarajiwa. Namna ya kufundisha ilibadilika kwa wengi, ila darasa la wanafunzi 60 na silabasi isiyosubiri mtu vilibaki pale pale.

Kitu ambacho Wajapani walikifanya kwao

Kwa nini Japani? Hapa kuna hadithi nzuri. Japani nayo iliwahi kuwa nchi ya kuletewa wataalamu. Mwaka 1872, mwanzoni mwa enzi ya Meiji, ilianzisha mfumo wa shule za kisasa, na chuo cha ualimu cha Tokyo kikamchukua Mmarekani, Marion Scott, awaonyeshe namna ya kufundisha darasa zima kwa pamoja. Walimu wa Japani hawakuishia kuiga. Walianza kutembeleana madarasani, kutazama somo la mwenzao, kisha kulijadili. Taratibu ikawa desturi inayoitwa jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo.

Inafanyika hivi. Walimu wachache wanachagua mada inayowasumbua wanafunzi, mathalani kugawanya kwa sehemu. Wanaandaa somo pamoja na kuandika watoto watakosea wapi. Mmoja anafundisha, wengine wanakaa nyuma wakiwatazama wanafunzi, siyo kumkagua mwalimu. Baadaye wanakaa, wanajadili, wanarekebisha, na mwingine anafundisha darasa jingine. Haihitaji hoteli wala projekta. Inachohitaji ni kipindi kimoja kitupu kwenye ratiba na mkuu wa shule anayekubali.

Turudi kwenye hesabu. Kama kikundi hicho kinaboresha ufundishaji wake kwa asilimia 2 tu kila mwezi wa kazi, baada ya miezi 36 ni 1.02 mara yenyewe mara 36, yaani kama 2.04. Umeongezeka maradufu. Huu ni mfano wa kufikirika, ila unaonyesha tofauti: kwenye ngazi unazidisha namba zilizo chini ya moja, kwenye mduara wa walimu unazidisha zilizo juu ya moja.

Na sasa je?

Kwa bahati nzuri, upepo unaelekea huko. Tanzania ina MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayojengwa juu ya jumuiya za kujifunza ndani ya shule zenyewe. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, kilichoanzishwa 1966, kimeendelea kuwakutanisha walimu, na kila mwaka kinaadhimisha Siku ya Pai tarehe 14 Machi. Haja bado ni kubwa: mwaka 2022 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania Bara walikuwa takriban asilimia 20, mmoja kati ya watano.

Kenya, mwaka 2021 tume ya walimu TSC ilizindua mafunzo ya lazima ya kujiendeleza, na mwalimu alitakiwa ajilipie Sh 6,000 kwa mwaka. Mabishano yakawa makali, mpaka mahakamani. Hapo ndipo swali la zamani liliporudi waziwazi. Entebbe alilipa mfadhili, SMASSE walilipa mfadhili na wazazi, na mwaka 2021 bili ikasogezwa kwa mwalimu. Daktari akipelekwa kujifunza upasuaji mpya tunaona anaokoa wagonjwa. Mwalimu akijifunza namna ya kueleza sehemu tunaona kama anajinufaisha mwenyewe. Lakini anayenufaika ni yule mtoto ambaye kesho atafunga sukari dukani, au atapima dawa hospitalini.

Basi ukikutana na mwalimu wa hesabu wa shule ya kata, usimuulize kwanza wanafunzi wake walipata A ngapi. Muulize mara ya mwisho alikaa na mwenzake kujadili somo lini, na ratiba ya shule inampa muda huo au anauiba. Na ukiwa wewe ndiye mwalimu, mtafute jirani yako wa ofisini, mchukue lile swali la moja na robo tatu, muanze nalo.