Simu Yako, Ufunguo Wao

Kulikuwa na kufuli dogo, dogo kuliko la sanduku la mwanafunzi wa bweni, lililotengenezwa kwa kazi moja tu: kufungia simu ya mezani. Ulilipachika kwenye tundu mojawapo la kile kisahani cha kuzungushia namba, ukalibana, na kisahani hakikuzunguka tena. Simu ikiita uliweza kuipokea. Kupiga, hapana. Ufunguo alikuwa nao baba, au bosi ofisini, mtu aliyekwisha kuchoshwa na bili yenye miji ambako hamjui mtu hata mmoja.

Watoto wa nyumba hizo walilipatia dawa. Kisahani kile kinaporudi mahali pake hukata umeme wa laini kwa hesabu: namba tatu ni mikato mitatu, sifuri ni mikato kumi. Sasa, kile kitufe kinachokata simu unapolaza mkono wake hukata umeme huohuo. Basi ukikigonga kwa kidole upesi upesi, mara tatu, ukatulia, mara tano, ukatulia, mtambo wa posta ulikuelewa bila taabu. Kufuli liko palepale, limening'inia, na mtoto anaongea na shangazi yake Tanga.

Nimeanza na kufuli hilo kwa sababu ndilo la mwisho ambalo mwenye nyumba alishika ufunguo wake. Makufuli ya simu yaliyofuata ni mengi, tena hayaonekani kwa macho, na funguo zake hazijawahi kukaa mfukoni mwa mtu aliyeinunua simu.

Hata hivyo tusimpambe sana baba. Kifaa chenyewe hakikuwa chake. Simu ya zama zile ilikuja na fundi wa posta pamoja na waya wake, na ukiacha kulipia, fundi huyohuyo alirudi kukata. Ndivyo ilivyokuwa chini ya shirika la posta na simu la Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na ndivyo ilivyoendelea chini ya mashirika ya kila nchi. Hakuna aliyeuliza simu ni ya nani. Ilikuwa ya posta, kama nguzo ya barabarani.

Waliouliza swali hilo mpaka mahakamani ni Wamarekani, na kesi yao ya kwanza ilihusu kikombe.

Kule simu hazikuwa za serikali. Zilikuwa za AT&T, kampuni iliyoshika karibu kila kitu: waya, mitambo, na hata kifaa cha mezani, ambacho mteja alikodishwa mwezi kwa mwezi. Masharti yake yalikataza kuunganisha kwenye simu kitu chochote ambacho kampuni haikukitoa. Wakati huo huo kulikuwa na kikampuni kiitwacho Hush-A-Phone kilichouza, tangu miaka ya 1920, kitu mfano wa kikombe cha kuvisha kwenye sehemu ya kusemea. Hakikuwa na waya wala betri. Kazi yake ilikuwa kuzuia karani wa meza ya pili asisikie unachosema. AT&T ikasema kikombe hicho kinakiuka masharti, na anayekitumia anaweza kukatiwa huduma.

Mwaka 1948 mwenye kikampuni akapeleka malalamiko kwa tume ya mawasiliano ya serikali, FCC. Alimleta Leo Beranek, bingwa wa elimu ya sauti kutoka chuo cha MIT, aeleze jinsi kikombe kinavyofanya kazi. Tume ilitafakari kwa miaka, naam, miaka, na mwaka 1955 ikaamua kwamba kikombe kinaharibu huduma ya simu, kwa kuwa kinapunguza sauti kwa anayesikiliza upande wa pili. Kesi ikapanda mahakama ya rufaa, na Novemba 1956 majaji wakauliza jambo ambalo mtoto angeuliza siku ya kwanza: mtu akizungushia mdomo kiganja chake na kunong'ona kwenye simu, si matokeo ni yaleyale? Je, kampuni itakataza na viganja? Wakatamka kwamba mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa yeye, mradi haiwadhuru watu wengine.

Miaka minane kwa ajili ya kikombe. Ukiisoma habari hii leo unaweza kucheka, lakini AT&T haikuwa na wazimu. Ilijua kwamba ikiruhusu kikombe leo, kesho atakuja mtu na kitu chenye waya.

Alikuja kweli, ingawa waya wake haukugusa simu. Thomas Carter wa Texas aliuza redio za upepo kwa watu wa visima vya mafuta na mashamba ya ng'ombe, mahali ambapo nyumba yenye simu iko mbali na kazi iliko. Mwaka 1959 alianza kuuza kifaa alichokiita Carterfone: unaulaza mkono wa simu juu yake, nacho kinapokea sauti kutoka kwenye redio na kuipitisha kwenye simu kwa hewa tu. Mtu akiwa porini akaongea na mjini. Aliuza kama 3,500 hivi, huku AT&T ikiwatisha wateja wake. Safari hii FCC ilikuwa imejifunza. Juni 1968 iliamua kwamba masharti yale ya kukataza kila kitu kigeni si ya haki, na kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa chake ikiwa hakiudhuru mtandao.

Mashine za kupokea ujumbe, faksi, modemu: vyote hivyo vilipita mlango alioufungua Carter. Mtu aliyesikiliza modemu ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia kwenye vyumba vya intaneti vya Dar es Salaam au Mombasa alikuwa anatumia uamuzi wa 1968 bila kuujua. Mazoea nayo hayafi upesi. AT&T ilivunjwa mwanzoni mwa 1984, lakini hata baada ya mwaka 2000 walikuwapo wazee Marekani waliokuwa wakiendelea kulipa kodi ya mwezi kwa simu ya mezani ambayo dukani wangeinunua kwa fedha kidogo tu.

Simu ya mkononi ilipokuja ilionekana kama mwisho wa shauri. Mwaka 1991 kampuni ya Ujerumani, Giesecke & Devrient, ilitengenezea Radiolinja ya Finland kadi za kwanza za SIM, hizi tunazoziita laini. Wazo lililokuwa ndani ya kadi ile lilikuwa zuri ajabu. Namba yako na akaunti yako vinakaa kwenye kadi, na simu inabaki kuwa gamba. Ukichoka na gamba, toa kadi, tia kwenye gamba jingine. Ukichoka na kampuni, tupa kadi, baki na gamba. Sijui kama kuna kifaa kingine cha nyumbani kilichowahi kumpa mtu uhuru wa namna hiyo, wa kuwaacha wote wawili kila mmoja kwa wakati wake.

Makampuni yakaliona hilo. Ulaya yalikuwa yakiuza simu kwa bei ya kutupa, mteja akisaini mkataba, na hayakutaka achukue simu ya bei poa aende nayo kwa jirani. Yakatia loki: simu inaisoma laini, na ikiona si ya kampuni iliyoiuza, inagoma. Huku kwetu wengi tulinunua simu kwa fedha taslimu na laini ya kukwangua vocha, kwa hiyo loki ilitufikia kwa mlango wa nyuma, ndani ya begi la mjomba aliyetoka London. Simu nzuri, ya kukunja, inang'aa, na haiongei na laini yoyote ya hapa. Baadaye zikaja modemu za USB, zilizofungwa na makampuni yetu wenyewe.

Kazi hiyo ikawalisha mafundi. Kariakoo, na Luthuli Avenue kule Nairobi, mtu mwenye kompyuta kuukuu, kebo kadhaa na kiboksi cha kuflashia aliweza kutoa loki wakati unakunywa soda. Hakuna aliyemwita mvunja sheria. Alikuwa fundi, kama wa saa.

Ushindi mkubwa zaidi wa mtumiaji wa Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, haukupatikana kwa fundi wala kwa hakimu. Kupiga simu kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu wakawa na laini mbili, tatu, na ukucha mrefu wa kufungulia mgongo wa simu ili kuzibadilisha. Wachina walioleta Tecno, chapa iliyoanzishwa mwaka 2006, walituuzia simu yenye matundu mawili. Nokia, mfalme wa wakati ule, iliamka mwaka 2010. Tulikuwa tumekwisha kuhama wengi wetu.

Kisha mzunguko ukarudi ulikoanzia. Juni 2007 Apple ilitoa iPhone, na nchini Marekani ikaifungia kwa kampuni moja tu: AT&T. Haikupita hata miezi miwili. Kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, aliifungua kwa kuchomelea kwa risasi na kwa programu, na simu yake ya pili iliyofunguliwa akaibadilishana na gari aina ya Nissan 350Z pamoja na iPhone tatu mpya. Watoto wa kufuli la baba walikuwa wamepata ndugu.

Ila safari hii kulikuwa na sheria. Mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria ya hakimiliki inayokataza kuvunja loki za kidijitali, na ruhusa za kutoka kwenye katazo hilo zilitolewa na, amini usiamini, mkuu wa Maktaba ya Bunge, kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2006 aliruhusu kutoa loki ya simu. Mwaka 2012 akaiondoa ruhusa kwa simu mpya, na kuanzia Januari 2013 mtu aliyejitolea loki kwenye simu aliyoilipia mpaka senti ya mwisho alikuwa anavunja sheria. Watu zaidi ya 100,000 walisaini ombi kwa Ikulu yao, na Agosti 2014 Rais Obama akatia saini sheria ya kuirudisha ruhusa.

Kwetu serikali ziliushika ufunguo kwa njia nyingine. Kila simu ina namba yake ya IMEI, tarakimu 15, unayoiona ukibonyeza *#06#. Kenya ilizima simu feki mwisho wa Septemba 2012. Tanzania ikafuata usiku wa Juni 16, 2016, baada ya miezi ya kuwaambia watu watume IMEI zao kwenda 15090 wajue kama simu zao ni halali. Sababu zilikuwapo: wizi, uhalifu, vifaa vibovu. Lakini aliyelala na simu akaamka na kigae hakuwa yule aliyeiingiza nchini kwa makontena. Alikuwa mama wa genge aliyeinunua dukani, mchana kweupe. Tangu siku ile tunajua kwamba simu inaweza kuzimwa na mtu aliye ofisini, bila kuigusa.

Na jambo hilo likawa biashara. M-KOPA, kampuni iliyoanza Kenya mwaka 2011, iliuza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo, ndani ya kila kiboksi ikiwa na laini ya simu. Usipolipa, taa haziwaki. Kutoka taa mpaka simu ilikuwa hatua moja. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, simu janja ya 4G kwa kuanzia shilingi 20 za Kenya kwa siku. Usipolipa, skrini inajifunga. Kuifuta simu yote na kuianza upya hakusaidii, kwa sababu programu ya loki inakaa chini zaidi ya pale mkono wa mwenye simu unapofika.

Wapo wanaouita mpango huu utumwa. Mimi siwezi. Dereva wa bodaboda asiye na hati ya nyumba wala mdhamini alipata simu ambayo benki isingemkopesha, na alielezwa mapema loki ni ya nini na itaondoka lini. Baba na kufuli lake hawakuwahi kusema lini. Ninazoziogopa ni loki zisizokuwa na deni nyuma yake. Apple tangu 2019 imekuwa ikiifanya iPhone ilalamike ikibadilishiwa kioo nje ya utaratibu wake, na kwa miaka kadhaa hata kioo halisi kilichotoka kwenye iPhone nyingine hakikukubalika moja kwa moja. Jimbo la Oregon lilipiga marufuku mtindo wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya unataka kuanzia Februari 2027 betri ziwe za kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, jambo ambalo Nokia 3310 ililifanya kwa ukucha.

Mwezi uliopita nilikaa kwa fundi wangu nikisubiri tundu la chaja. Akaja mama mmoja na simu ya mkopo, skrini imeandika maneno ya kudai.

"Mwanangu, nitolee hii kitu. Simu ni yangu, risiti ninayo."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akamrudishia.

"Shikamoo mama. Hii siigusi. Umebakiza ngapi?"

"Siku kumi na moja."

Akavuta kiti, akamkaribisha akae, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni na kumuuliza namba ya kulipia.