Elimu ya Anga Katika Pwani Yetu

Msomaji, elimu ya anga ilikuwako pwani yetu kabla ya vyuo vikuu. Mbwajumali, kisiwani Pate, huvumiwa na pepo mbili kuu: kaskazi, tangu Disemba hata Machi, na kusi, katikati ya mwaka. Ili kuzijua nyakati zake, wazee walihesabu siku tangu Nairuzi kwa miongo, yaani kumi kumi. Wakulima nao walitazama nyota za Kilimia, ambazo jina lake latokana na kulima. Aliyekosea hesabu aliweza kupoteza chombo au mavuno.

Elimu mpya nayo ilifika pwani hii hii. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kuundwa makusudi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru.

Leo hali ya hewa husomeshwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ukijaliwa kufika huko, ichukue pia hesabu ya wazee wako, uipime na kuiandika. Kwani ilihifadhiwa vifuani, na kifua hakiishi milele.