Redio Inapokoroma: Historia ya Mawimbi Yasiyoalikwa

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha Watanzania wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Katika vijiji vya pamba vya Bariadi, wakati huo ikiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, umeme ulikuwa hadithi ya mjini. Kwa masikio, huo haukuwa uhaba mtupu. Redio ya National au Philips, iliyokula betri zilizokwisha kuanikwa juani mara mbili tatu, ilisumbuliwa zaidi na radi za ukanda wa Ziwa Victoria. Wingu likipita, Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika tena bila mikwaruzo ya nyaya na mota anayoijua mkazi wa mjini.

Sasa Bariadi iko mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa 2012, na bati lenye paneli ya sola si kioja vijijini humo. Lakini washa inveta au taa ya LED ya bei rahisi, kisha tafuta stesheni ya masafa ya kati: redio inakoroma. Inveta huwasha na kuzima transista zake maelfu ya mara kwa sekunde. Tuseme ni mara 50,000, yaani kilohezi 50. Haiishii hapo, hutoa pia mawimbi ya 100, 150, 200 na kuendelea. Masafa ya kati yanaanzia kilohezi 531 hadi 1,602, hivyo kigawe cha 11 mpaka cha 32 vyote vinaangukia humo. Waya unaoshuka kutoka paani hadi kwenye betri unageuka antena. FM hunusurika zaidi, kwa sababu sauti yake haibebwi na ukubwa wa wimbi, na huko ndiko kelele hujipachika.

Ugomvi huu ni mkongwe. Mitambo ya mwanzo ya redio ilirusha mawimbi kwa cheche, na cheche haichagui masafa. Kufikia 1934 mota na mashine za Ulaya zilikuwa zimewachosha wasikilizaji kiasi kwamba wataalamu walikutana Paris chini ya CISPR, kamati ya kimataifa ambayo mpaka leo huweka viwango vya kelele za vifaa vya umeme.

Kisha zikaja kompyuta. Aprili 1975, huko California, Steve Dompier aliweka redio ndogo kando ya kompyuta ya Altair 8800, isiyo na spika, akaipa programu, na redio ikaimba wimbo wa Beatles. Kelele ile ile isiyotakiwa ilikuwa imepangwa ikawa muziki. Wenzake walishangilia. Majirani wenye televisheni wasingeshangilia: vifaa vya kidijiti vilivyofuata vilichafua masafa mpaka mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaweka masharti mapya 1979. Kompyuta ya TRS-80 ya kwanza haikuyaweza, na mapema 1981 ikaondolewa sokoni.

Kwa muda mrefu utaratibu ulikuwa kuunda kwanza, kupima baadaye, kisha kuziba matundu. Milinganyo ya James Clerk Maxwell ya umeme na sumaku ilikuwapo tangu 1865, ila nani angeikokotoa kwa kalamu kwa ajili ya kasha lenye nyaya, skrubu na nyufa? Mwaka 1966 Kane Yee alionyesha njia: igawe nafasi katika visanduku vidogo, kokotoa uga wa umeme katika kila kimoja, kisha uga wa sumaku, sogeza saa mbele kidogo, rudia. Kompyuta za wakati huo zilielemewa. Zilipopata nguvu, Allen Taflove na wengine wakaikuza njia hiyo, na kompyuta, yule mpiga kelele, akawa mpiga ramli wa kelele zake mwenyewe. Mhandisi sasa anaweza kuhamisha waya kwenye skrini na kuona wimbi linavyovuja kabla hajachoma risasi hata tone.

Ramli hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe uko kijijini. Kiwandani inveta huigwa kwenye kompyuta ikiwa na nyaya za urefu uliokubaliwa. Fundi wa kijijini hufunga kwa waya alionao: chanya ukutani huku, hasi kule, katikati uwazi mpana ambao hakuna aliyeuingiza kwenye hesabu. Akizisokota hizo mbili pamoja na kuzifupisha, mkoromo mara nyingi hupungua siku hiyo hiyo.